Uzito wa Sweta

Ukumbi wa mikutano, Mbeya, saa nne asubuhi.
Dokta Kalinga anasoma kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri:
watoto elfu moja mia mbili na kumi na wawili,
vijiji thelathini na kimoja, wilaya moja ya baridi,
na uzito wao, kwa wastani, unaridhisha.

"Unaridhisha" likapigiwa makofi.
Mimi sikupiga. Mikono yangu ilikuwa inakumbuka.

Mimi ndiye niliyeshika mzani.
Julai ile, juu ya Matamba, ukungu umelala barabarani
kama ng'ombe asiyetaka kupisha gari.
Mwongozo ulisema, ukurasa wa tisa:
mtoto avuliwe nguo zote, abaki na chupi.
Mwongozo uliandikwa mahali penye jua.

Ezelina Chaula aliitazama karatasi, akanitazama mimi,
akambana mwanawe kifuani.
"Nimvue hapa? Anza wewe, dada, tuone."
Foleni nzima ikacheka, mvuke ukiwatoka vinywani,
nami nikacheka nao.
Kisha nikampima na sweta lake la kijani,
la sufu, mikono imekunjwa mara mbili,
na kofia, na soksi, na kitenge kilicholowa.
Nikaandika: kilo tisa nukta nne.
Aliyefuata naye hivyo hivyo.
Na aliyefuata.

Kwenye fomu hapakuwa na kisanduku cha baridi.

Wala cha wale wa ng'ambo ya bonde,
wanaolelewa na bibi zao wenye magoti mabovu.
Gari letu liliishia lilipoanza tope.
Jioni, Luvanda, kiongozi wetu, alihesabu fomu kwa tochi:
"Zijae. Nafasi tupu ni posho pungufu."
Zikajaa.

"Kuna maswali?"
Mzee mmoja akashukuru kwa chai.
Kijana wa Uyole, kalamu sikioni, akauliza:
mlipimaje?
Dokta akatabasamu. Sampuli yetu ni kubwa, alisema,
makosa madogo humezwa na wingi.

Penye wengi hapaharibiki neno, sawa.
Lakini waliosema hivyo hawakuwa wakipima masweta.
Kosa la huku na kosa la kule hufutana,
kama wadeni wawili waliosameheana.
Kosa la upande mmoja hujumlishwa.
Ukilirudia mara elfu haligeuki kweli,
linapata tu sauti ya kwaya.

Jana jioni nilikwenda Mwanjelwa,
nikachambua mitumba hadi nikalipata linalofanana nalo,
nikamwomba muuza maharage aniazime mzani wake.
Kavu: gramu mia tatu na themanini.
Nikaomba maji, nikalinyunyizia kidogo,
kadiri ukungu ulivyonyunyiza siku ile.
Nusu kilo na ushee.
"Dada," akaniuliza, "unauza au unanunua?"
Sikuwa na jibu. Nililipia maharage nisiyoyahitaji.

Usiku sikulala. Nilijitetea:
ningemvua mtoto wa mtu kwenye baridi ile?
Hapana. Hata leo nisingemvua.
Ila ningeweza kuandika pembeni, kwa penseli:
amepimwa na sweta.
Maneno matatu.
Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, si mkononi mwa Dokta.

Sasa kipaza sauti kinazunguka,
kina joto la viganja vya watu wengine.
Jina langu limo ndani ya ripoti, kwenye shukrani,
limekosewa herufi moja.
Nafungua mkoba. Sweta bado lina unyevu.

"Ukurasa wa tisa, Dokta," nasema,
na sauti yangu inatoka nyembamba kuliko nilivyopanga.
"Tulipima sufu.
Waliomo ndani ya sufu
bado hatujawapima."